Kiuno Kinachouma Kina Jina, Msituambie Tuvumilie



Wengi mnanijua kwa mishono. Mnanitumia picha za shela na magauni ya kuingilia ukumbini, tunabishana kuhusu mikono mirefu na lesi. Leo naweka mkasi pembeni. Nataka kubishana na neno moja tu ambalo tunapewa tangu tukiwa wali mpaka tunakuwa mabibi. Neno lenyewe ni "vumilia".

Sizungumzii subira ya msiba, wala subira ya mume aliyepoteza kazi. Hiyo ni ibada. Nazungumzia kuvumilia maumivu ya kiuno mwaka mzima, miaka miwili, miaka kumi, bila mtu yeyote kuuliza yanatoka wapi. Somo anamwambia bi harusi kiuno ni cha mwanamke na kuumwa ni kwa mwanamke. Mama mkwe anasema yeye alizaa saba na alilima siku hiyo hiyo. Zahanati wanakupa vidonge vya maumivu na kukwambia wanawake wote mnaumwa kiuno, nenda kapumzike. Mwenye duka la dawa za asili anakwambia ni baridi ya uzazi, lete hela. Jirani anasema ni jini.

Watu wote hao wamekujibu, na hakuna hata mmoja aliyekushika akakupima.

Tukijue kiungo chenyewe

Ukiweka mikono nyuma, chini ya kiuno, kuna vishimo viwili, kimoja kila upande. Karibu na hapo ndipo mwisho wa uti wa mgongo unapokutana na mfupa wa nyonga. Pale pana kiungo, kulia na kushoto. Madaktari wanakiita kiungo cha sakroiliaki. Mimi nitakiita kiungo cha nyuma cha nyonga ili tuelewane.

Kiungo hiki si kama goti. Kinacheza milimita chache tu, na kimefungwa kwa kano ngumu sana, kwa sababu uzito wote wa juu unapita hapo kwenda miguuni. Ukiwa mjamzito, mwili unatoa homoni ya rilaksini inayolegeza kano ili nyonga ipishe mtoto. Ndiyo maana wajawazito wengi wanaumwa nyonga na kiuno, na wengi wao wanapona ndani ya miezi michache baada ya kujifungua. Lakini wapo ambao hawaponi. Wapo pia wanaoumia hapo kwa kuanguka, au kwa ajali ya bodaboda, au baada ya kufanyiwa operesheni ya uti wa mgongo.

Tafiti za nje zinasema kati ya watu 100 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, 15 mpaka 30 maumivu yao yanatoka kwenye kiungo hiki. Si wachache hao. Lakini kwa kuwa maumivu yanashuka kwenye kalio na paja, mtu anaambiwa ana "mshipa" au diski imetoka, na anatibiwa kitu ambacho hana.

Dalili zake mtazitambua. Unaumwa upande mmoja, chini ya mstari wa kiuno. Kugeuka kitandani ni shughuli. Kupanda ngazi, kushuka kwenye gari, kusimama mguu mmoja ukivaa nguo, vyote vinachoma. Ukikaa sana unaumia, na kuinuka kutoka kwenye sijda kunakutoa machozi. Ukiulizwa panapouma unaweka kidole kimoja tu, palepale karibu na kishimo, na ukiulizwa tena kidole kinarudi palepale.

Wanawake wa mlimani nao

Mimi naishi Morogoro mjini, mlima Uluguru uko juu yangu. Alfajiri wanawake wa Towero na Luhungo wanashuka kwa miguu, ngata kichwani, tenga juu yake. Wa Mgeta wanaleta kabichi na karoti, wa Kinole wanaleta ndizi na matunda. Hao wanapanda gari, lakini mpaka afike barabarani ameshabeba sana. Ukienda Soko la Chifu Kingalu unakuta mzigo umeshapangwa na mama ameshakaa chini, mguu mmoja ameunyoosha. Mwenzangu, hebu muangalie anavyoinuka. Anashika meza kwanza.

Katika kazi yangu napima watu kila siku: bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu. Mama wa bi harusi akisimama nimpime urefu, mara nyingi naona uzito wote ameuweka mguu mmoja, na pindo la gauni linakaa upande. Nikimuuliza anacheka: "Aa, kiuno tu mwanangu, uzee." Ana miaka arobaini na mbili!

Na mimi haikunipita. Baada ya mtoto wa pili niliumwa upande wa kulia karibu miaka miwili. Natumia cherehani ya kukanyaga, na kila nikikanyaga nasikia kisu. Nimepewa vidonge mpaka tumbo likaanza kuniuma. Nimekandwa, nimesuguliwa, nimeambiwa ninajidekeza. Siku niliyokutana na mtaalamu wa mazoezi tiba, alinilaza akanibana nyonga, akanisukuma paja, akanikunja mguu huku na kule. Njia tano. Nne kati yake zilinitoa ukelele palepale panaponiuma siku zote. Dakika chache tu, bila mashine yoyote. Kisha akanitajia jina la kile kiungo.

Miaka miwili, jamani, kwa kitu cha dakika chache. Hasira yangu yote inatoka hapo. Sikukasirika kwa kuumwa, maana kuumwa ni mtihani wa Mwenyezi Mungu. Nimekasirika kwa sababu hakuna aliyeona kuwa maumivu yangu yanastahili kupimwa.

Sasa wapo wa upande wa pili: wauza kisu

Msije mkadhani nawatetea wanaokimbilia operesheni. Nao nina neno nao.

Operesheni ya kiungo hiki ipo, na si ngeni. Marekani, daktari Smith-Petersen aliandika kuhusu kukifunga kiungo hiki tangu 1921. Enzi hizo walikuwa wanafungua sehemu kubwa na mgonjwa analala kitandani muda mrefu. Siku hizi kuna upasuaji wa tundu dogo. Wanakata kama sentimita 3 pembeni ya kalio, wanaongozwa na eksirei, wanapitisha vipande vya titaniamu, mara nyingi vitatu, kutoka mfupa wa nyonga mpaka mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Kiungo kinabanwa kisicheze, na taratibu mifupa inashikana na vile vipande. Inachukua kama saa moja. Unatembea kwa magongo wiki kadhaa. Vipande vya umbo la pembetatu vya kampuni ya SI-BONE ya California viliruhusiwa Marekani mwaka 2008, na Uingereza taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwongozo wake kuhusu upasuaji huu mwaka 2017.

Mtu akisikia "tundu dogo" anaona kama kutoboa masikio. Dada yangu, tundu ni dogo lakini chuma kinachoingia ni cha maisha.

Na je, inasaidia? Hapa tuwe waadilifu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 148 uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba waliofanyiwa operesheni walipata nafuu miezi sita baadaye kwa wingi mno kuliko waliobaki na mazoezi na dawa: takriban 8 katika 10 kwa 2 au 3 katika 10. Ni matokeo mazuri sana. Lakini utafiti ule ulilipiwa na kampuni inayouza vile vipande, na kila mgonjwa alijua kama amepasuliwa au la.

Halafu 2024 ukachapishwa utafiti mwingine, wa Norway na Sweden, watu 63. Hawa walifanya jambo la ajabu. Nusu walifanyiwa operesheni ya kweli. Nusu nyingine walilazwa, wakachanwa ngozi, wakashonwa, bila kuwekwa chochote. Mgonjwa mwenyewe hajui yuko kundi gani. Baada ya miezi sita, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa vile vyuma ndivyo vilivyofanya kazi.

Simaanishi operesheni ni utapeli. Wapo waliorudishiwa maisha yao, na pengine kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri ndiyo njia. Ninachokataa ni mtu kupigwa picha moja, akaonyeshwa doa kwenye filamu, akaambiwa auze shamba aende India. Mteja wangu mmoja ameambiwa hivyo hivyo. Hajawahi kubanwa nyonga, hajawahi kufanya zoezi hata moja, hajachomwa sindano ya kuhakikisha. Picha peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba kiungo hiki ndicho kinachouma.

Mnaona sasa? Anayesema "vumilia" na anayesema "kapasuliwe" wanaonekana maadui, kumbe wote wameruka hatua ileile. Hakuna aliyetafuta jina la ugonjwa kwanza.

Hatua zenyewe, na mzidai

Kwanza, kupimwa kwa mikono. Mtaalamu wa mazoezi tiba au daktari wa mifupa afanye vile vipimo vya kubana na kusukuma. Vipimo vitatu au zaidi vikiamsha maumivu yako yaleyale, kiungo hiki kinashukiwa sana.

Pili, mazoezi ya kweli, ya miezi, si ya siku tatu. Kuimarisha misuli ya makalio na ya tumbo la ndani, na kujifunza kubeba, kukaa na kuinuka. Wagonjwa wengi wanaishia hapa, alhamdulillah, na mimi ni mmoja wao. Nilifanya miezi minne na nikaweka mota kwenye cherehani.

Kuna na mkanda wa nyonga. Wazazi wetu walijua siri ya mkaja tangu zamani, lakini mkaja tunaufunga tumboni. Mkanda huu unafungwa chini zaidi, unazunguka pale fundi anapopima hipsi, unabana mifupa ya nyonga. Kwa mjamzito na mzazi unasaidia sana. Muulize mtaalamu akuonyeshe mahali pake, usijifungie tu.

Tatu, kama miezi sita ya mazoezi imepita na bado unaumwa, kuna sindano ya ganzi inayochomwa ndani ya kiungo kwa kuongozwa na eksirei. Maumivu yakishuka zaidi ya nusu kwa saa kadhaa, basi jina limethibitika. Yasiposhuka, tatizo liko kwingine na huna haja ya kupasuliwa hapo.

Nne, na hapo tu, ndipo operesheni inazungumzwa. Kwa nchi yetu pa kuanzia mazungumzo hayo ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, kwa rufaa kutoka hospitali ya mkoa. Kutoka kwetu treni ya umeme inakufikisha Dar kama saa mbili tu tangu ilipoanza Juni 2024, na nyinyi wa Unguja mna boti. Ukifika, uliza maswali matatu bila aibu: umejuaje ni kiungo hiki? Nimemaliza njia zote za bila kisu? Operesheni hii umeifanya kwa wangapi, na wako vipi leo? Daktari mzuri hachukii maswali.

Hatari ambayo Morogoro tunaijua

Kabla ya yote hayo kuna jambo moja ambalo halisubiri miezi. Kiungo hiki kinaweza kuliwa na maradhi ya kuambukiza. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaingia mpaka kwenye mifupa. Na kuna bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mtu anaupata kwa maziwa mabichi au kwa kushika mnyama anayezaa, na kiungo hiki cha nyuma ya nyonga ni moja ya sehemu unazopenda kushambulia. Mkoa wetu una wafugaji wengi, Mvomero na Kilosa, na maziwa mabichi yanauzwa barabarani kwenye madumu. Watafiti wa Chuo cha Sokoine hapa Morogoro wamekuwa wakiuchunguza ugonjwa huu miaka mingi.

Kwa hiyo ukiumwa kiuno na huku una homa inayokuja na kuondoka, unatoka jasho usiku, unakonda, au nyumbani kuna mgonjwa wa TB, usiende kukandwa. Nenda hospitali ukapime. Maradhi haya yanatibiwa kwa dawa za wiki nyingi au miezi, na dawa za TB serikalini ni bure. Na ukipata ganzi kati ya mapaja au mkojo ukakushinda, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Sasa niambieni: huyu naye tumwambie avumilie?

Dini haikutuambia hivyo

Najua jibu linalokuja, maana nimeshajibiwa mara nyingi. "Subira ina malipo." Ndiyo, ina malipo. Watanitajia yule mwanamke mwenye kifafa aliyemjia Mtume (SAW), naye akamwambia akitaka asubiri apate Pepo, na akitaka amuombee apone. Hadithi sahihi, Bukhari na Muslim. Lakini isomeni yote. Mtume alimpa kuchagua. Mwanamke mwenyewe ndiye aliyechagua. Hakuna mama mkwe aliyemchagulia, wala mume, wala somo. Subira unayolazimishwa na watu wasiotaka gharama ya nauli haiitwi subira. Ni dhulma imevalishwa kanzu.

Na Mabedui walipomuuliza Mtume kama watafute tiba, aliwaambia watafute, kwani kila maradhi yana dawa yake ila uzee. Imran bin Huswayn alipokuwa na bawasiri, aliruhusiwa aswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na akishindwa kukaa aswali kwa ubavu. Tazama huruma ile! Dini imekuhurumia ndani ya swala, nguzo yenyewe, halafu sisi tunamnyima huruma mwanamke jikoni. Ukiumwa, swali kwenye kiti na usione haya. Anayekucheka msikitini amwulize Imran.

Bi harusi, hili ni lako

Mimi nakula kwa sare za harusi, nasema ukweli. Kitambaa, ushonaji, kilemba, na bado kuna singo, keki na mpambaji. Sikatai, furaha ni halali, na njooni niwashonee! Lakini nimeona familia inachanga michango mikubwa kwa usiku mmoja, na miaka miwili baadaye bi harusi yuleyule ameharibika nyonga baada ya kujifungua na haipatikani hela ya kwenda kupimwa. Magauni yote mazuri niliyomshonea yamekaa kabatini kwa sababu hawezi kusimama.

Kwa hiyo wakati wa posa, badala ya kuuliza kabati lina milango mingapi, walio wako waulize bima ya afya. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, na Zanzibar kuna Mfuko wa Huduma za Afya. Ulizeni: bi harusi ataandikishwa lini? Akijifungua akaumwa baada ya arobaini, nani anampeleka? Muulizeni bwana harusi mbele ya wazee, kwa adabu, kama mnavyouliza mahari. Mwanamume mwema hatokasirika.

Na nyinyi masomo na makungwi, nawaheshimu sana, mmetufundisha mengi ya heri. Naomba mwongeze somo moja tu. Mnapomfundisha mwali kukitumia kiuno, mfundisheni na kukisemea. Mwambieni kwamba maumivu ya zaidi ya miezi mitatu si tabia ya mwanamke, na kwamba akiumwa kwenye tendo la ndoa amwambie mumewe, si aume shuka. Mume ni vazi lake, na vazi linalobana fundi mzuri analilegeza.

Kesho mama akikwambia kiuno kinamuuma, usimpe kidonge halafu ukaendelea na simu. Mwambie aonyeshe kwa kidole. Muulize ni tangu lini, na kama ana homa. Halafu shikaneni mkono mwende.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, awape nguvu mama zetu wa milimani na wa baharini, na amjaalie kila bi harusi mume mwenye huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.